Naomba ushauri: mama ana presha, na sasa ameanza kusahau

Habari zenu ndugu. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye hapa Tanga. Presha anayo tangu 2009, ila dawa anakunywa kichwa kikimuuma tu. Kikitulia, zinarudi kabatini. Juzi nimemkuta jikoni amesimama na mwiko mkononi, sufuria ya maharage imekauka inafuka moshi, ananiuliza, "Mwanangu, nilikuwa napika nini?" Niliumia sana.

Kliniki kipimo kilisoma 178 kwa 96. Daktari akatueleza kuwa presha ya miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, na ubongo, ingawa ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Damu isipofika vizuri, kumbukumbu inaguswa. Na mimi siku zote nilidhani ni uzee tu!

Nimesoma pia utafiti wa Marekani wa 2019, SPRINT MIND: waliolenga namba ya juu ya kipimo cha presha iwe chini ya 120 walipata matatizo ya awali ya kumbukumbu kwa uchache kuliko waliolenga chini ya 140. Lakini mama akinywa dawa, akiinuka tu anashikwa na kizunguzungu. Naogopa asije akaanguka.

Mliouguza wazazi, mmewezaje kumzoesha mzee dawa za kila siku bila ugomvi? Na hicho kizunguzungu, daktari wenu alibadilisha dozi, au muda wa kunywa? Chumvi nayo haachi, anaongeza mezani nikigeuka.