Walioko madarakani, upinzani tunaoujua, au chama kipya: ninyi wa Lubumbashi mnalinganishaje?

Mwana_Katuba

Habari zenu humu. Mdogo wangu amerudi nyumbani juzi na kadi ya chama kilichofungua ofisi kwenye avenyu yetu, Katuba. Ofisi yenyewe ni chumba kilichokuwa cha kinyozi, kioo bado kiko ukutani. Kadi ina picha, namba na bendera ya rangi nne. Mwenyekiti wao namfahamu: 2011 alivaa fulana ya chama kilichokuwa kinatawala, 2018 alikuwa kwenye muungano mwingine, leo ndiye damu mpya. Nikacheka. Mdogo wangu akakasirika: «Yaya, wewe umebaki na hao hao, wamekupa nini?» Nikakosa jibu, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Hesabu yangu ni hii. Njia ya kwanza ni kubaki na walioko madarakani. UDPS, chama cha Rais Tshisekedi wa Kongo, ilizaliwa 1982 chini ya Mobutu, ikakaa upinzani mpaka Januari 2019, na wengi wetu tuliamini siku ikiingia mambo yatabadilika. Ilipoingia ikakuta bunge limejaa watu wa FCC, muungano wa Kabila, rais aliyetangulia. Mwishoni mwa 2020 ukaja Muungano Mtakatifu wa Tshisekedi, na wale wale waliokuwa wanapiga makofi upande huu wakavuka kwenda kupiga makofi upande ule. Katiba yetu, kifungu cha 110, inasema mbunge anayekiacha chama chake kwa hiari amekiacha na kiti. Mahakama ya Katiba ikasema Januari 2021 kwamba wana uhuru wa kujiunga na wengi wapya. Tarehe 27 mwezi huo huo wabunge 367 wakaiangusha serikali ya Ilunkamba, waziri mkuu wa upande wa Kabila. Kwa hiyo ukinipa chama, unanipa nini? Jina tu.

Njia ya pili ni upinzani tunaoujua. Hapa kwetu ukisema upinzani watu wanamtaja Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Lakini naye alikuwa PPRD, chama cha Kabila, kisha chama chake Ensemble kikaingia kwenye Muungano Mtakatifu, kikatoka Desemba 2022. Sisemi ni vibaya, nasema hata huko si kwamba hawajawahi kukaa mezani.

Njia ya tatu ni hiyo kadi ya mdogo wangu. Mnasemaje?

Mpita_Kasumbalesa

Ndugu, mimi navuka mpaka kwenda Zambia karibu kila wiki kufuata unga. Ukikaa kwenye foleni ya malori siku mbili utaijua siasa ya Zambia kuliko ya nyumbani, kwa hiyo acha nikupe ya jirani.

Wenzetu wameiondoa serikali kwa kura mara tatu. UNIP ya Kaunda ilitolewa na MMD mwaka 1991, MMD ikatolewa na PF 2011, PF ikatolewa na UPND 2021. Ukitazama juu juu utasema chama kipya kinalipa. Ingia ndani. Ni MMD peke yake iliyoshinda ikiwa changa, na nyuma yake walisimama wafanyakazi wenye vyama vyao, wa migodini wakiwemo. Chiluba mwenyewe, kiongozi wao, alitoka huko. Sata alianzisha PF 2001, uchaguzi wa kwanza akapata asilimia 3 na kidogo. Akashindwa 2006, akashindwa 2008, akaja kuingia 2011. UPND ni ya 1998, na Hichilema wao alianguka mara tano kabla ya kumwacha Rais Lungu wa PF kwa karibu kura milioni 1.

Sasa mwulize mdogo wako: hiyo kadi ataishika miaka kumi bila kuona kiti hata kimoja? Maana ndivyo chama kipya kinavyokua, kama mwembe. Na usisahau jambo la pili. PF walipoingia, dereva mmoja wa Kitwe aliniambia, walicheza barabarani. Miaka kumi baadaye wakacheza tena, PF inatoka.

Mwalimu_Kampemba

Mpita, umesema vizuri ila mizani yako ina kasoro. Zambia rais lazima avuke nusu ya kura, wameliweka kwenye katiba 2016. Sisi tulikuwa na duru mbili 2006, Kabila na Bemba wakarudiana Oktoba. Januari 2011 katiba ikabadilishwa, ikabaki duru moja. Tangu hapo anayeongoza ameshinda, hata akiwa mbali na nusu: 2018 aliyetangazwa alikuwa na asilimia 38. Katika utaratibu wa namna hii kila chama kipya kinachosimamisha mgombea wake wa urais kinaukata upinzani vipande, na aliyeko madarakani anakishukuru.

Bungeni ni kibaya zaidi. Orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima haigawiwi kiti. Piga hesabu kwa watu kama milioni 18 waliopiga kura Desemba 2023: ni kama kura 180,000. Wagombea wenu wa Lubumbashi wanaweza kupendwa Katuba yote na Ruashi yote, kama chama hakina kitu Kananga wala Kisangani, kura hizo zimekwenda na maji. Kwenye bunge la jimbo kizingiti ni asilimia 3, kwenye baraza la komini 10. Ndiyo sababu vyama vidogo vinajiunga na makundi makubwa wakati wa kuandikisha orodha, na kundi lina mwenyewe. Unapigia kura kipya, kumbe umemjazia gunia wa zamani. Vyama vilivyosajiliwa ni zaidi ya 900. Jamani, 900! Hata makanisa ya uamsho ya mtaani kwangu hayajafika huko, nayo yanajitahidi.

Mama_Soko

Ninyi wanaume mnahesabu asilimia. Mimi nina vikwembe, yaani vitenge, vitatu vya vyama vitatu, vyote vinachuja rangi. Wa chama kikubwa alikuja na mziki, wa upinzani alikuja na mziki, huyo wa kipya alikuja na mziki wa simu kwa sababu hana pesa ya spika. Tofauti nimeiona hapo tu.

Mimi nalinganisha hivi: nani nitamkuta kwa miguu? Mwaka 2023 tulichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii. Mbunge wa Kinshasa simuoni mpaka kampeni. Lakini mshauri anapita sokoni kununua sombe kama mimi. Mvua ikijaza mtaro najua mlango wa kugonga. Chama chake? Hata sikumbuki.

Kijana_wa_Kenya (Kenya komini, si ile ya Nairobi)

Mama, heshima zako, lakini huyo mshauri wako anakula na nani? Shiye batoto ya Kenya tunasemaka: beko bote chungu moja, vijiko njo vinabadilika. 20 Desemba 2023 nilisimama kwenye foleni tangu asubuhi, mashini ya kupigia kura ilifika saa nane. Ya pili haikuwaka. Kisha Januari SENI yenyewe, tume ya uchaguzi, inafuta kura za wagombea 82, bengine banashitakiwa kukutwa na mashini ku nyumba. Mashini! Mi nilitafuta moja tu nisiione, muntu anayo sebuleni.

Kwa hiyo njia ya ine mumeisahau: kubaki nyumbani. Zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakupiga 2023. Hicho njo chama kikubwa ya Kongo, na hakina hata bendera.

Mwalimu_Kampemba

Kijana, hicho chama chako kikubwa kina viti vingapi?

Kijana_wa_Kenya

Sawa na bile vipya, Mwalimu. Sifuri. Lakini shiye hatulipishe kadi.

Mzee_wa_Likasi

Nimesoma yote, wanangu. Naongeza moja tu kwa sababu hakuna aliyeligusa.

Mobutu aliruhusu vyama Aprili 1990 na sisi tulikimbilia vipya kama watu waliofunguliwa mlango wa gereza. Hapa Katanga, wakati huo Shaba, kipya kilichovuma kilikuwa UFERI. Kilikuwa na vijana, kilikuwa na nyimbo, kilisema kweli nyingi kuhusu utajiri wetu unaokwenda Kinshasa. Na kilikuwa na neno moja lingine: kwamba adui ni jirani aliyetoka Kasai. Mwaka 1992 nilikuwa Likasi. Nikaona stesheni ya treni imejaa familia zilizofukuzwa, zimekaa pale majuma na majuma zikingoja behewa, watoto wanakufa. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa miongoni mwao. Sikumuaga.

Sijali chama kina mwaka mmoja au arobaini. Nikienda mkutanoni nasikiliza kwanza wanamtaja nani kuwa chanzo cha shida. Wakitaja kodi, mikataba ya shaba, barabara, nakaa. Wakitaja kabila la mtu, nachukua kofia yangu. Mdogo wako, Mwana_Katuba, amesikia nini kwenye hicho chumba cha kinyozi?

Mama_Soko

Mzee, pole sana.

Mwana_Katuba

Asante Mzee. Nilimuuliza jana usiku. Anasema kabila halikutajwa, walizungumza ajira za vijana kwenye migodi na mabasi ya wanafunzi. Nikamuuliza pia la Mwalimu: mtajiunga na kundi la nani mwaka 2028? Hakujua, akaenda kumuuliza mwenyekiti mbele ya wenzake. Mwenyekiti akamwambia hayo ni ya viongozi, vijana wasubiri maelekezo. Kwenye vituo vya kura mtaweka mashahidi kwa pesa gani? Maelekezo.

Kuanzia Jumamosi chumba kina kufuli. Kodi ya miezi miwili haijalipwa na kinyozi anataka kurudi kwenye kioo chake. Mwenyekiti simu haipatikani. Nilidhani mdogo wangu atachana kadi, na kusema kweli nilikuwa nimeandaa maneno ya kumcheka mara ya pili. Badala yake leo jioni amekuja na wenzake watano, wamekaa chini ya mwembe wetu na daftari, wanaandika majina ya nyumba ambazo mtaro unazifurika, avenyu kwa avenyu, wampelekee mshauri wa komini kabla mvua hazijaanza. Bendera ya rangi nne wameitandika chini ili wasichafuke.

Mama anauliza nani atawanunulia mkate. Nimewatolea benchi.