Randa yangu si kabari ya mlango!

Ulimi wa Randa (mwenye uzi):

Wanajukwaa, assalamu alaikum. Ninaandika haya mikono ikinitetemeka, na ovaroli sijaivua, kwa sababu saa moja haijapita tangu nidhalilishwe na yule mzee ambaye hapana haja ya kumtaja. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kubeba ubao begani kutoka Mwembe Tayari hadi Majengo anamjua, na bila shaka ana kovu lake.

Mwezi uliopita nilinunua randa ya chuma ya kulainishia mbao, ya bei nafuu, shilingi 1,900, iliyoigizwa kutoka ile namba 4 ya kampuni ya Stanley ambayo wengi wetu huishia kuitazama kwenye vioo vya maduka. Sikudanganyika. Nilijua tangu nikiwa dukani kwamba kiwanda kimefanya nusu ya kazi na kuniachia nusu, na kwamba nafuu ya bei ndiyo ujira wangu wa hiyo nusu. Basi nikaifanya kazi. Tako lake, yaani upande wa chini unaopita juu ya ubao, lilikuwa limebonyea hata ungeweza kunywea chai. Nikabandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene cha dirisha, nikalichora tako mistari ya penseli, nikasugua hadi mistari yote ikafutika, kisha nikapanda hadi 120, 240 na 400. Jioni tatu nzima! Nikausawazisha mgongo wa ulimi, yaani chuma chake chenye makali, nikaunoa kwa nyuzi 25 na kuumalizia ukingoni kwa nyuzi 30, nikakisogeza kile kibamba cha juu kinachovunja maranda hadi kikabaki chini ya milimita moja kutoka kwenye makali. Mpini wa plastiki nikautupa, nikachonga mwingine wa mwembe. Wallahi, randa ile ilianza kutoa maranda membamba ambayo ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo.

Leo nikampelekea aione, kwa adabu zote, kama mtoto wa chuoni anavyompelekea maalim ubao wake. Aliipokea. Akaipima uzito kwa mkono mmoja. Hakuugusa ulimi, hakulitazama tako, hakuuliza hata mpini ni wa mti gani. Akasema, "Hii ina uzito mzuri," akainama, akaiweka mbele ya mlango ili upepo wa kusi usiufunge.

Mbele ya mlango! Tako chini, juu ya saruji yenye mchanga, wakati hata mtoto wa fundi hufundishwa kuilaza randa ubavu! Palikuwa na wateja wanne na mwuza kahawa, na huyo mwuza kahawa alicheka hadi dele likamponyoka. Nina hakika kicheko kilifika Likoni, kwani nilisikia kivuko kikijibu kwa honi. Mimi nilibaki pale nikinywa kahawa isiyopita kooni, kwa kuwa sikujua namna ya kuiomba randa yangu bila mlango kujifunga na kila mtu kugeuka kunitazama.

Sina hoja ndefu. Aliiweka mbele ya mlango.

Tupa Butu:

Pole sana, ndugu yangu. Nina swali moja tu ambalo umelikwepa: je, mlango ulisimama? Ikiwa ulisimama, basi shilingi 1,900 zako zimeanza kurudi, nawe huna budi kumshukuru mzee kwa kuigundulia randa yako kazi inayoiweza.

Bin Msasa:

Nawakumbusha vijana kwamba katika randa za mbao za wazee wetu, ulimi hushikwa na kabari. Kabari ilikaa ndani ya randa miaka yote hiyo bila kulalamika. Leo randa yenyewe imekuwa kabari, na mwenyewe anafungua uzi.

Fundi wa Jomvu:

Msimcheke mwenzetu, kwa maana mzee huyo huyo aliwahi kunifanyia makubwa zaidi. Nilikuwa na patasi ya nusu inchi kutoka katika seti ya bei ya kutupa, ambayo niliitengeneza kama ninavyowaeleza vijana wangu: huna haja ya kuusawazisha mgongo wote, sentimita mbili au tatu za mwanzo zinatosha, na ukipitisha kwenye mashine ya kunolea uichovye majini kila mara, kwa kuwa chuma kikishageuka buluu ugumu wake umekwisha na utalazimika kuisaga sehemu hiyo yote. Patasi ilikuwa inanyoa vinyweleo vya mkono. Akaniomba "niione kidogo," kisha akafungulia kopo la rangi.

Ulimi wa Randa (mwenye uzi):

Patasi ni jambo dogo, ndugu Fundi, na kopo la rangi angalau ni kitu cha kazi. Hebu turudi mlangoni. Tako chini! Juu ya mchanga!

Shemeji wa Changamwe:

Ninyi mnalia kwa vifaa ambavyo havina waya. Mimi nilinunua drili ya mtumba kutoka Uingereza, ya njano, plagi yake ya njano pia na ya duara, na mwuzaji akanipa kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nikaikata plagi, nikafunga yetu ya pini tatu, nikachomeka. Ndugu zangu, sijapata kuona drili yenye nguvu kama ile. Ilizunguka kwa sekunde tatu kama iliyopandisha mashetani, ikatoa moshi, ikanyamaza hadi leo. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba kule vifaa vya njano vya kwenye majengo ni vya volti 110, ili fundi akipigwa na umeme apate nafasi ya kunusurika, ilhali umeme wetu ni volti 240. Mwuzaji alijua. Alinitazama nikilipa huku akitafuna muhogo wake.

Tupa Butu:

Sekunde tatu kwa bei hiyo! Ukipiga hesabu ya kila sekunde, utagundua kwamba ndiyo drili ghali kuliko zote katika kaunti hii.

Mama Gundi:

Mimi ninashona na kupiga makochi, na ninawaambia kwamba hakuna kifaa cha bei nafuu chenye inda kama nyundo. Nilinunua moja, na siku ya kwanza kichwa kikachomoka, kikapita juu ya ukuta na kutua katika sufuria ya pilau ya jirani aliyekuwa na shughuli. Sikuitupa. Niliupasua ufa mwembamba kichwani mwa mpini, nikaingiza kabari ya mti mgumu, na juu yake nikapigilia nyingine ndogo ya chuma kwa kukingama. Tangu siku hiyo haijatoka. Jambo ambalo hamtaki kulisema ni kwamba kichwa chenyewe kilikuwa kizuri. Ni mpini tu uliowekwa na mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani.

Bin Msasa:

Mama, pilau iliharibika?

Mama Gundi:

Pilau ililiwa. Kichwa cha nyundo nilirudishiwa kikiwa kimeoshwa, na kwa miezi miwili kilinukia iliki.

Mkwezi wa Nyali:

Hayo yote ni bure ikiwa hamzungumzii kutu. Katika mji huu, ukiuacha msumeno karibu na dirisha la upande wa bahari, Ijumaa ni chuma na Jumatatu ni bizari. Vifaa vyangu vya bei nafuu nimevidumisha kwa mafuta ya nazi peke yake: ninapangusa jasho la mkono, ninapaka kwa kitambaa, ninafunga. Hapa kwetu ni nadra kuganda, kwa sababu ya joto letu.

Fundi wa Jomvu:

Mafuta ya nazi ni ya nywele na ya samaki. Mimi niliyapaka, na usiku panya wakaja kuramba misumeno. Tumia mafuta ya cherehani, na kile ambacho kimeshashika kutu ukilaze katika siki usiku mmoja, ukisugue kwa brashi ya waya, ukisuuze, kisha ukikaushe na kukipaka mafuta papo hapo kabla hakijapata kutu upya.

Mkwezi wa Nyali:

Panya wako wana njaa kwa sababu zako mwenyewe. Usiyasingizie mafuta ya nazi.

Ulimi wa Randa (mwenye uzi):

Waungwana, kwa heshima kubwa, uzi huu ulihusu mlango.

Tupa Butu:

Mlango tumeuacha wazi. Randa yako inaushikilia. Mimi swali langu ni kuhusu biti za drili zenye rangi ya dhahabu. Nimenunua kasha zima, na ya kwanza imelainika kama mshumaa kwenye chuma cha pembe cha milimita tatu.

Mama Gundi:

Dhahabu hiyo inaweza kuwa rangi tu, mwanangu. Zitumie kwa mbao. Kwa chuma nunua moja moja, zile ambazo fundi mwenzako ameshazijaribu, uzinoe ncha kwa nyuzi 118, utie tone la mafuta na upunguze kasi, kwa sababu wengi wenu mnatoboa chuma kama mnaofukuzwa.

Kijana wa Kisauni:

Samahani kwa kuingilia. Kuna mtu miongoni mwenu aliyeazima tupa yangu ya pembe tatu ya kunolea misumeno, tangu kabla ya Ramadhani. Sitamtaja. Anajijua, na ameandika humu mara tatu.

Tupa Butu:

Mbona mnanitazama mimi?

Bin Msasa:

Kwa sababu ya jina lako, na kwa sababu tupa ilikuwa kali kabla hujaiazima.

Shemeji wa Changamwe:

Tupa itapatikana, inshallah. Nimempata fundi wa kuisuka upya ile mota ya drili yangu ya njano, na safari hii sitaki kurudia kosa. Je, kuna mwenye transfoma ya kushusha volti 240 hadi 110 ambayo anaweza kuniazima kwa siku mbili? Nitakuja na mkokoteni mwenyewe.

Ulimi wa Randa (mwenye uzi):

Shemeji, mimi ninayo, na iko nzima. Ni nzito, inapita kilo 20, kwa hiyo mkokoteni utahitajika kweli. Njoo kesho baada ya adhuhuri, lakini ubishe hodi kwanza ili nitafute tofali, kwa sababu ndiyo inayouzuia mlango wa stoo yangu usipigwe na upepo.