Mama (71) hainuki kwenye mswala bila kuvutwa mkono: tuanzie wapi?

Mlezi_Ngamiani

Salamu wadau. Mama ana miaka 71, kilo 64, anameza amlodipini ya presha, hana sukari. Magoti yote yanauma asubuhi, akishatembeatembea robo saa yanalegea. Picha ya mionzi imesomwa kuwa "yamesagika". Sokoni anakwenda na kurudi kwa miguu, kama dakika 40, bila shida. Ila akikaa kwenye mswala au kwenye mbuzi ya kukunia nazi, hainuki mpaka avutwe mkono. Chooni (cha kuchuchumaa) anashika bomba. Siku hizi anaswali kwenye kiti. Kuna mazoezi ya nyumbani yasiyohitaji vifaa? Na goti lililosagika likifanyishwa mazoezi, si linasagika zaidi?

fizio_wa_zamu

Kwanza aachane na bomba. Lile limefungwa lipitishe maji, siyo libebe mtu. Fundi aweke chuma cha kushikia ukutani, na skrubu ziingie ndani ya tofali; zikiishia kwenye plasta zitachomoka siku atakapoteleza kweli.

Kuhusu sokoni: kutembea kunampa pumzi na aendelee, lakini hakumfundishi kuinuka. Mtu akitembea, goti linalobeba uzito hukunjika kidogo tu. Kuinuka kutoka chini kunataka misuli ya mbele ya paja na ya makalio isukume mwili mzima goti likiwa limekunjwa sana, na huko ndiko nguvu yake ilikoishia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unavitenganisha: dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Wenye miaka 65 na kuendelea wanaongezewa mazoezi ya mizani (ya kutoyumba) na nguvu siku 3 au zaidi.

Mpime kabla ya kuanza. Kiti cha urefu wa sm 43 hivi, mgongo wake umegusa ukuta, mikono ya mama imekunjwa kifuani. Mhesabie anasimama kamili mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, miguu ni dhaifu kwa umri wake. Akijisukuma kwa mikono, andika sifuri. Usitumie kiti cha plastiki: kwenye vigae kinateleza na miguu yake inatanuka. Kile cha mbao cha mezani ndicho.

Zoezi lenyewe ni kipimo hichohicho, kilichopunguzwa kasi. Asogee mbele mpaka nusu ya paja iwe nje ya kiti. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, kisha azivute nyuma mpaka visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Hapa ndipo wengi hukosea: miguu ikibaki mbele, mtu atajirusha au ataomba mkono, kwa sababu uzito bado uko nyuma ya nyayo. Ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, makalio yataanza kuwa mepesi yenyewe, ndipo asukume sakafu. Kushuka ahesabu moja, mbili, tatu kabla ya kugusa kiti. Kushuka polepole ni nusu ya zoezi, na anayejitupa kitini ameiacha nusu hiyo. Magoti yakiingia ndani kuelekeana, mwambie ayaelekeze kwenye kidole cha pili cha mguu.

Afanye mara 8, apumzike dakika moja au mbili, arudie mpaka seti 3. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane.

Na "kusagika" ni neno linalotisha kuliko hali yenyewe. Gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linalishwa na majimaji ya ndani ya goti, yanayoingia na kutoka goti linapokandamizwa na kuachiwa. Goti lililolazwa halipati hata hayo. Muulize maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Mpaka 4 aendelee, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi kwenye kawaida yake. Goti likiamka limevimba, punguza idadi kwa nusu, usisimamishe kabisa.

nesi_mstaafu

Naongezea upande wa dawa. Kabla ya wiki ya kwanza mpime presha akiwa amelala dakika 5, kisha akiwa amesimama: dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ana presha inayoshuka akisimama. Huyo haanzi mpaka daktari apitie dawa zake, maana ataanguka akiwa mazoezini.

Ahesabu kwa sauti anapoinuka. Anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla.

Kama anameza kila siku vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya kununua duka la dawa (wengi wanavyo kwenye mkoba, uliza vizuri) ajue vinapandisha presha na kuumiza figo. Bora jeli yake ya kupaka kwenye goti.

Msianze mazoezi, nendeni hospitali, kama: goti moja ni la moto na jekundu pamoja na homa, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, kifua kinabana, kuna ganzi sehemu za siri au mkojo umeanza kutoka wenyewe. Pia kama udhaifu umekuja ndani ya wiki chache na mikono nayo inashindwa kufika kichwani kuchana nywele. Huo si uzee.

lishe_kwanza

Mazoezi bila protini ni kujenga bila matofali. Kwa umri huo lengo ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, yaani kama gramu 64 hadi 77 kwa siku kwa huyu mama. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Tatizo huwa asubuhi: chai ya rangi na mkate. Weka mayai mawili hapo. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

Mlezi_Ngamiani

Ahsanteni sana. Presha ya kulala na kusimama haikutofautiana. Kipimo cha sekunde 30: mara 6, na tatu za mwisho alijitupa. Mara 8 kwa seti tatu atazifikia vipi? Na mswala je?

fizio_wa_zamu

Mara 6 maana yake kiti hicho ni kifupi mno kwake kwa sasa. Kiti kikiwa kifupi, miguu inabeba kazi zaidi, kwa hiyo kipandishe: kunja blanketi nzito mpaka kukaa kwake kufike sm 50 hivi. Mto wa sponji haufai, unazama. Aanze na mara 8, na akifikisha mara 12 katika kila seti ya zile 3 bila kujitupa, na bado anahisi angeweza mbili zaidi, toa mkunjo mmoja. Sm 2 au 3 kila hatua zinatosha. Wiki za mwanzo ataona mabadiliko haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuita misuli. Misuli yenyewe inachukua wiki 8 au zaidi, kwa hiyo akikwama wiki ya 5 msikate tamaa.

Mswala anzeni sasa, ila kwa njia yake: toka kukaa alale ubavu, ajisukume kwa kiwiko, afike magoti na mikono, mguu wenye nguvu utangulie mbele, mikono miwili kwenye kiti, ndipo asimame. Mara 2 kwa siku, mtu akiwa pembeni bila kumvuta. Chini ya magoti pawe na blanketi. Goti likigoma kukunjika wakati wa kukaa baada ya sijida, aweke taulo iliyokunjwa kati ya paja na shavu la mguu, na kila wiki ikunjwe nyembamba zaidi.

Mbuzi iwe ya mwisho kabisa. Ni fupi kuliko vyote na inakimbia ukiisukuma. Kwa sasa nazi akune mwingine.