Naomba ushauri: wabanguaji wanaondoka wakishaiva kazini

Habari zenu wadau wa rasilimali watu. Nipo Mtwara, kiwanda cha kubangua korosho. Wabanguaji wetu, wengi wao akina mama, hulipwa kwa kilo. Tunawafundisha mpaka mkono unakuwa mwepesi na korosho zinatoka nzima, kisha Oktoba, msimu ukipamba moto, wanarudi mashambani kwao Newala na Tandahimba. Wengi hawarejei. Siwalaumu hata kidogo, mikorosho ndiyo ada za watoto wao. Tumejaribu bonasi ya mahudhurio na chakula cha mchana, lakini vimewashika wakazi wa mjini tu.

Je, kuna aliyewahi kutoa likizo ya msimu bila malipo, mkataba ukiendelea, wakarudi? Na bonasi ya kurejea ilipwe siku ya kwanza au baada ya mwezi?