Jedwali la michezo 12 halipimi nguvu ya programu ya sataranji: vijana wetu wa Lamu warudishiwe fedha zao

Asalaam aleikum wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Wiki tatu zilizopita, katika kundi la wachezaji wa sataranji hapa Lamu, lilisambazwa jedwali linalodai kwamba programu moja ya kulipia imeizidi Stockfish kwa alama 58. Kwa msingi wa jedwali hilo peke yake, vijana 30 walitozwa shilingi 250 kila mmoja ili programu hiyo inunuliwe kwa ajili ya mazoezi yao. Miongoni mwao wamo wanaopakua mizigo gatini na wanaoswaga punda wa mchanga tangu alfajiri. Stockfish, kwa asiyeijua, ni programu ya sataranji inayopatikana bure kabisa. Jina la ile programu nyingine silitaji, kwa sababu ugomvi wangu si na walioitengeneza bali na namna ilivyopimwa na fedha zilivyochukuliwa.

Niliomba kumbukumbu za michezo yenyewe, nikazungushwa siku nane kabla ya kupewa. Nimeipitia yote, hatua kwa hatua, na ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Michezo ilikuwa 12. Programu ya kulipia ilishinda 4, ikashindwa 2, na 6 ikaisha sare, yaani pointi 7 kwa 5, sare ikihesabiwa nusu pointi kwa kila upande. Ukiitia hesabu hiyo katika mfumo wa alama za kupimia nguvu za wachezaji aliouanzisha Arpad Elo, ambao shirikisho la sataranji duniani, FIDE, liliupitisha mwaka 1970, unapata kweli tofauti ya alama 58. Kwa hiyo mpimaji hakukosea kujumlisha. Alichokosea ni kuamini kwamba michezo 12 inaweza kubeba dai zito kiasi hicho. Mchezo mmoja tu kati ya ile minne ambayo programu ya kulipia ilishinda ungeelekea upande wa pili, matokeo yangekuwa 6 kwa 6, na alama zote 58 zingetoweka. Wapimaji makini hutoa makadirio yao pamoja na kiwango cha shaka, na kwa matokeo kama haya, ukitumia uhakika wa asilimia 95, tofauti halisi inaweza kuwa popote kuanzia takriban alama 80 chini ya Stockfish hadi takriban alama 220 juu yake. Kipimo chenye upana huo hakijapima kitu. Ili shaka ipungue hadi alama 10 kila upande, kwa programu ambazo nusu ya michezo yao huisha sare, inahitajika michezo zaidi ya 2,000. Wanaoiendeleza Stockfish hawakubali badiliko dogo la alama moja au mbili mpaka litahiniwe kwa makumi ya maelfu ya michezo, kwa kompyuta zinazoazimwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali.

Hata tukiiacha idadi, mazingira ya jaribio lenyewe yanasikitisha. Programu ya kulipia iliendeshwa kwenye kompyuta ya mapakato yenye kori (vitengo vya kukokotoa) 8, ilhali Stockfish iliwekwa kwenye simu ya mkononi, mchana, katika joto ambalo kila mkazi wa kisiwa hiki analijua, na simu ikipata moto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiharibike. Hatua zilikuwa zikihamishwa kwa mkono kutoka chombo kimoja hadi kingine, huku saa zikiendelea kuhesabu. Programu ya kulipia ilitumia kitabu chake cha ufunguzi, yaani hatua za mwanzo zilizoandaliwa kabla, na Stockfish haikupewa chochote. Zaidi ya hayo, programu ya kulipia ilipata kete nyeupe mara 7 na nyeusi mara 5, wakati kila mwenye kuujua mchezo huu anafahamu kwamba anayetangulia ana faida. Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba mchezo wa 3 na wa 9 ni mchezo mmoja, hatua zote zikiwa zile zile hadi mwisho, na bado umehesabiwa kuwa ushindi mara mbili. Njia ya kuepuka hayo ni nyepesi: huandaliwa mianzo mbalimbali, na kila mwanzo huchezwa mara mbili, programu zikibadilishana rangi. Mashua zinaposhindana hapa kwetu, hakuna nahodha atakayekubali kushindana na tanga dogo kuliko la mwenzake kisha atangaziwe kwamba mashua yake ni mbovu.

Nilipoyasema haya kundini, nilijibiwa kwamba hata kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa michezo 6 tu, na dunia ikakubali. Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Mwaka 1997 kule New York kulikuwa na pambano, nalo lilitoa mshindi kwa pointi 3.5 kwa 2.5, mwaka mmoja kabla, kule Philadelphia, Kasparov huyo huyo alikuwa ameishinda kompyuta hiyo kwa 4 kwa 2. Pambano hutoa mshindi wa siku ile. Anayetaka kusema kwamba programu fulani ina nguvu kuliko nyingine kwa alama kadhaa, tena akachukua fedha za watu kwa kauli hiyo, anadaiwa ushahidi wa aina nyingine.

Wala si sisi tu tunaopaswa kuulizwa. Desemba 2017, kampuni ya DeepMind walipotangaza kwamba programu yao ya AlphaZero imecheza michezo 100 dhidi ya Stockfish 8, ikashinda 28 na kutoa sare 72 bila kushindwa hata mmoja, wajuzi hawakunyamaza kwa sababu mtangazaji ni mkubwa. Waliuliza kwa nini Stockfish ilipewa gigabaiti 1 tu ya kumbukumbu ya kazi, na kwa nini ililazimishwa kutumia dakika moja kwa kila hatua badala ya kujigawia muda wake. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya michezo 1,000 yenye masharti yaliyoelezwa vizuri zaidi: AlphaZero ilishinda 155 na kushindwa 6. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo ilihojiwa, sioni kwa nini mimi niitwe mfitini kwa kumhoji mtu wa mtaa wangu.

Jedwali limeongeza pia kwamba programu hiyo ina alama 3,600, hivyo imemzidi mchezaji Magnus Carlsen, ambaye kilele chake kilikuwa 2,882 mwaka 2014, kwa zaidi ya alama 700. Programu ni bora kuliko binadamu, hilo halina mabishano, lakini alama za orodha za programu hupatikana kwa programu kucheza zenyewe kwa zenyewe, wala haziwezi kulinganishwa na alama za FIDE kana kwamba zimepimwa kwa mizani moja.

Ndugu katibu wa kundi, nakuheshimu kama kaka yangu, na najua hukuzila fedha hizo. Hata hivyo ulilitangaza jedwali hili bila kulikagua, na vijana walitoa kwa sababu walikuamini wewe. Naomba jedwali liondolewe na shilingi 7,500 zirudishwe kwa waliozitoa. Anayetaka kupima upya aje uwanja wa Mkunguni Jumamosi baada ya Alasiri. Nitaleta kompyuta mbili zinazofanana na mianzo ya kutosha iliyoandaliwa. Tutaziwasha mbele ya vijana wenyewe na kuziacha zicheze usiku na mchana hadi michezo ipite 2,000, hata ikichukua wiki kadhaa.