Mafunzo ya baridi yabisi, faida yake inadumu kweli?

Kitindamimba: Habari wadau. Mama yangu ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, mwaka wa 5 huu. Daktari kamshauri aingie mafunzo ya wagonjwa, wiki 6, kila wiki masaa 2 hivi. Hataki kabisa, anasema nimeumwa miaka yote hii nani atanifundisha mikono yangu. Mnaojua, ile elimu inamsaidia mtu hata baada ya miaka 2 au inaishia darasani?

Mstaafu: Mimi nilipitia, ila yangu ni ya magoti kulika gegedu. Maumivu yapo mpaka leo sikudanganyi, ila zamani nikiamka goti limevimba siku nzima imeharibika nalala tu nawaza, sasa hivi najua nianze na nini, nipumzike saa ngapi. Mazoezi niliyaacha kama miezi 3 nikaona cha moto, nikarudi mwenyewe.

Nesi_Mpole: Mafunzo ya mtindo huo yalianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliyaanzisha Kate Lorig na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1993 walitoa matokeo ya baada ya miaka 4: maumivu yamepungua kwa asilimia 20, safari za kwa daktari asilimia 40, na hapo ulemavu wenyewe ulikuwa umeongezeka asilimia 9! Yaani viungo viliendelea kuchakaa ila watu wakaumia kidogo, na walichoona ni kwamba kujiamini ndiko kulikobeba nafuu kuliko hata mazoezi yenyewe. Ila kwa baridi yabisi kama ya mama, uchambuzi wa 2003 wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi za tiba na kuzipima kwa pamoja, ulikuta nafuu ndogo ya muda mfupi, ya muda mrefu haikuonekana. Kwa hiyo aende, lakini dawa asiache hata siku moja, darasa halizuii kiungo kuharibika.

Kitindamimba: Asante sana dada. Sasa namshawishije, maana yule akisema hapana ni hapana.

Nesi_Mpole: Mwambie kule Stanford waliofundisha wengi hawakuwa madaktari, walikuwa wagonjwa wenyewe waliofunzwa kuongoza wenzao. Uliza kama na huko kwenu ni hivyo.

Kitindamimba: Hilo sikulijua. Kesho nampigia anayeandaa niulize, akiwa mgonjwa mwenzake naona mama atakaa amsikilize.