Mama mkubwa katolewa kwenye kaya maskini kisa bati, naombeni ushauri

MwanaNewala
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mama yangu mkubwa yuko kijijini Newala, ana miaka 71, analea wajukuu wawili aliowaacha marehemu binti yake. Alikuwa akipokea ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kila baada ya miezi miwili. Ndiyo iliyokuwa daftari, sabuni na unga. Mwaka jana walipita watu na madodoso, wakauliza, wakaandika, baadaye jina lake likasomwa kwamba kaya imehitimu, yaani si maskini tena, ikatolewa. Nikamuuliza waliona nini. Akasema, "Waliangalia juu, mwanangu."

Nyumba ina bati. Bati zenyewe ni za korosho za msimu wa 2017, bei ilipokuwa nzuri na baba mkubwa yuko hai. Leo mikorosho iliyobaki ni michache, imezeeka, na wa kuipulizia salfa hakuna. Nilipokwenda mwezi uliopita nilikuta ming'oko, ile mizizi ya porini, asubuhi na jioni. Mjukuu wa darasa la sita anakosa shule siku za vibarua vya palizi.

Mimi naendesha bodaboda Mtwara mjini, ninachotuma hakitoshi. Je, aliyehitimishwa anaweza kurudi? Nianzie wapi? Naogopa nikigomba, watakaomchukia ni hao anaoishi nao.

BintiNachingwea
Pole sana kaka. Nimewahi kuwa kwenye kamati ya mpango huo kijijini kwetu. Majina ya kaya maskini yanaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, dodoso linafuata. Basi anzia hapo hapo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na kila mtu mzima ana haki ya kusema. Usiende kugomba. Elezeni bati ni za mwaka gani, nani alinunua, nani analima sasa. Majirani wanajua nani analala njaa. Baada ya hapo andika barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mratibu wa TASAF pale halmashauri. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hilo usilisahau.

Mbanguaji
Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Mpango huu wa kaya maskini ulianza 2012. Kwetu wapo walionunua mbuzi, wakaingia vikundi vya kuweka na kukopa, wakainuka kweli, na bado hawataki kutoka. Na wapo wenye watoto wadogo ambao hawajaandikwa hata siku moja. Lazima wengine wapishe.

BintiNachingwea
Ndugu yangu, aliyeinuka na apishe, nakuunga mkono. Lakini huyu mama ameinukia wapi? Bati alilonunua marehemu mumewe halizai kama mbuzi. Hata zile ajira za muda za mpango huo, za kuchimba lambo, mtu wa miaka 71 atashika jembe la nani?

MzeeWaMikindani
Mwanangu, wakati mnasubiri, fuatilia kitambulisho cha matibabu bure cha mzee, umri wake unamruhusu. Ukipata chochote, mkatie na bima ya afya ya kaya, wajukuu nao watatibiwa. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu umweleze hali ya yule mtoto kabla hajahesabiwa mtoro.

Zanzibar mzee akifika 70 anapewa pensheni jamii tangu 2016, na hakuna anayekuja kutazama paa lake. Huku bara bado, na jambo hili linaniuma sana.

MwanaNewala
Ahsanteni mno. Nimempigia jioni hii. Anasema anaona aibu kusimama mbele za watu na kusema ana njaa. Sikuwa na la kumjibu.

BintiNachingwea
Asianze yeye. Tafuta jirani mmoja anayeheshimika, mwanamke mwenzake, ndiye asimame kwanza aseme anachokiona pale nyumbani. Kwetu alisimama mmoja, wakafuata wanne. Na wewe siku hiyo acha pikipiki, panda Newala, ukakae karibu naye.